"Ni damu ya kwao": jeni, chungu na unene wa watoto wetu



Mtoto mnene akipita njiani hapa Kasongo, utasikia maneno ya namna mbili. Wa kwanza anasema: "Ile ni damu ya kwao, hata nyanya yake alikuwa vile." Wa pili anajibu: "Wapi! Ni kula tu. Baba yake ana franka." Mimi ninafundisha biolojia ku sekondari, na kila mwaka tukifika ku somo la urithi, wanafunzi wananiletea mabishano hayo. Mwaka huu walikuwa na mtu wa kumwonyesha kidole: mwenzao mmoja, binti wa miaka 15, ambaye darasa limempa jina la "Mama Kilo". Siku za mazoezi ya mwili haji tena. Kiisha nikasikia kwamba anashinda bila kula mpaka magharibi, na kwamba kuna mtu wa jamaa aliyemletea dawa ya kuharisha "ili mafuta yatoke".

Njo maana ninaandika. Jibu tunalotoa kwa swali la "damu ao chakula" ndilo linaamua kama mtoto sawa vile huyu tutamcheka, tutamtesa na dawa, tutamwacha akigonjwa, ao tutamsaidia. Na jibu la kweli si gumu kulielewa.

Kwa nini tuongee unene, hapa ambapo watoto wamekonda?

Swali hilo ni la haki. Mji wetu una jina katika historia ya udaktari, na jina hilo limetokana na watoto dhaifu. Kuanzia miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, uliosaidiwa na Taasisi ya Udaktari wa Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ulipima watoto wa hapa kwa mizani na kwa kipimo cha urefu, ukawafuata ili kujua nani anaishi na nani anakufa. Mwaka wa 1981 gazeti la waganga The Lancet lilichapisha kazi yao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wa miezi 7 mpaka 35. Wazazi wetu wamoja ni wale watoto waliopimwa.

Hata leo kukonda na kudumaa njo tatizo la kwanza. Katika uchunguzi wa afya wa inchi yetu wa mwaka 2013-2014, watoto 43 katika 100 wenye chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na karibu 4 katika 100 walikuwa na uzito wa kupita kiasi. Lakini dunia inageuka. Mwaka wa 2022 watoto na vijana wenye miaka 5 mpaka 19 waliokuwa na unene wa hatari walihesabiwa kuwa milioni 159 duniani kote. Na sisi wenye diploma hatubaki mahali pamoja: tunaenda Kindu, Bukavu, Goma, Lubumbashi, Kinshasa. Tutazaa watoto kule, na watakula tofauti na vile tulivyokula.

Jeni zinafanya kazi gani?

Mwili wa mtu umejaa seli, na ndani ya kila seli kuna maandishi ya urithi. Nusu yametoka kwa baba, nusu kwa mama. Jeni ni kipande cha maandishi hayo, sawa vile fundisho moja ndani ya kitabu kikubwa.

Watu wengi wanafikiri jeni ya unene inaweka mafuta ndani ya mwili hivi hivi, hata kama mtu hali. Sivyo. Sehemu kubwa ya jeni ambazo wenye elimu wameziona zinafanya kazi ndani ya ubongo, pahali panapoongoza njaa na shibe. Mafuta ya mwili yanatoa homoni moja inayoitwa leptini, iliyogunduliwa mwaka wa 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake kule New York. Leptini inapanda mpaka ku ubongo na kuuambia: "Akiba iko, unaweza kuacha kula." Kwa watoto wamoja habari hiyo inafika kwa nguvu. Kwa wengine inafika kwa sauti ndogo.

Mfano ni jeni inayoitwa FTO. Mwaka wa 2007 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mtu mzima mwenye namna fulani ya jeni hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili alizidi wengine kwa kilo 3 hivi. Mwaka wa 2008 wengine wakaangalia watoto wa Scotland. Waliona kwamba watoto wenye namna hiyo ya jeni miili yao inachoma chakula sawa na ya wengine. Tofauti ilikuwa ku sahani: walipowekewa chakula, walikula chakula chenye nguvu nyingi zaidi.

Sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa njo mahali tunapowakosea watoto wengi. Tunaposema "huyu ni mlafi, hana adabu", tunamhukumu mtoto ambaye shibe yake inachelewa. Wewe ukishiba kwa vijiko kumi, ni rahisi kumcheka anayeshiba kwa kumi na tano.

Tena FTO ni moja tu. Mwaka wa 2018 watafiti walikusanya habari za watu karibu 700,000 wenye asili ya Ulaya, wakaona sehemu 941 za maandishi ya urithi zinazogusa uzito. Zote pamoja zilieleza asilimia 6 hivi ya tofauti kati ya mtu na mtu. Kila moja inasukuma kidogo sana, na kila mmoja wetu amepata fungu lake.

Damu moja, chungu kimoja

Mama mnene, binti mnene: watu wanasema damu. Lakini mama na binti wanakula pia ndani ya chungu kimoja, wanakunywa chai yenye sukari sawasawa, wanalala saa moja. Jamaa inarithishana jeni, na inarithishana desturi pia. Tutatenganisha namna gani?

Njia ya kwanza ni watoto waliolelewa na wasio wazazi wao. Mwaka wa 1986 Albert Stunkard na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kupanga. Walipokuwa watu wazima, uzito wao ulifanana na wa wazazi waliowazaa, haukufanana na wa wazazi waliowalea. Njia ya pili ni mapacha. Mwaka wa 1990 Stunkard huyo huyo aliangalia mapacha wa kufanana kabisa ambao wamoja walilelewa mbalimbali. Hata waliotenganishwa uzito wao ulikaribiana sana.

Basi yule anayesema "ni damu" hakudanganya. Lakini mapacha wametufundisha jambo la pili, na wazazi vijana inafaa walishike: kwa mtoto mdogo, nyumba anamokulia inaonekana wazi katika uzito wake. Akiingia ujana, alama ya nyumba inafifia na jeni zinaonekana zaidi, kwa sababu sasa anajichagulia mwenyewe cha kula na cha kufanya. Maana yake, nguvu ya mzazi juu ya chungu ni kubwa wakati mtoto angali mdogo. Ukingoja mpaka afike miaka 16 ndipo uanze kumkataza soda, umechelewa kidogo.

Mbegu moja, mashamba mawili

Sisi wa Kasongo tunajua mpunga, kwa hiyo nitatumia mpunga. Chukua gunia moja la mbegu zilizochanganyika. Nusu panda bondeni penye maji, nusu panda mlimani ku udongo uliochoka. Bondeni utaona miche mirefu na mifupi: udongo ni mmoja, kwa hiyo tofauti kati yao imetoka ndani ya mbegu. Mlimani pia kuna mirefu na mifupi kidogo. Lakini shamba la bondeni lote limezidi la mlimani, na hapo mbegu si sababu, kwa sababu gunia lilikuwa moja.

Unene ni hivyo. Ndani ya darasa moja, jeni zinasaidia kueleza kwa nini fulani ni mnene kuliko jirani yake. Lakini haziwezi kueleza kwa nini watoto wa mji mzima wamenenepa kuliko watoto wa miaka 40 iliyopita. Jeni za watu hazibadiliki kwa miaka 40. Kilichobadilika ni shamba.

Ushahidi unaonipendeza kuliko wote unatoka Framingham, mji mdogo wa Marekani ambako waganga wamefuata jamaa zilezile tangu mwaka wa 1948. Mwaka wa 2015 watafiti waliangalia jeni ya FTO kwa watu wa huko. Kwa waliozaliwa kabla ya mwaka wa 1942, kuwa na jeni hiyo hakukuonekana kuwanenepesha. Kwa waliozaliwa nyuma ya hapo, kulionekana. Jeni ni ileile. Ilikuwa imelala, chakula kingi na kazi za kukaa vikaiamsha.

Karibu na sisi, Uganda, kuna vijiji vya Kyamulibwa ambako watu karibu 6,400 walichunguzwa urithi wao, na matokeo yakatoka mwaka wa 2019. Waliona kwamba tofauti za urefu kati ya watu wa kule zinaelezwa na jeni kwa sehemu ndogo kuliko Ulaya. Kwa nini? Kwa sababu mahali ambapo mtoto mmoja alikula vizuri na mwengine alikosa, maisha yanaandika tofauti kubwa kupita jeni. Kasongo na Kabambare ni hivyo. Mtoto anayekula mara moja kwa siku sahani moja na ndugu zake watano hana nafasi ya kuonyesha kama shibe yake inachelewa. Mpe biskuti dukani, juisi ya unga, chai yenye vijiko vinne vya sukari, mikate ya kukaanga kila asubuhi, na pikipiki ya kumpeleka masomo: hapo jeni yake itaanza kusema.

Kwa hiyo mtu akisema "Sisi Waafrika hatunaga jeni hiyo, huo ni ugonjwa wa Wazungu", mwambieni hapana. Mwaka wa 2017 watafiti waliripoti namna moja ya jeni SEMA4D inayopatikana kwa mtu 1 hivi katika 100 wa Afrika ya Magharibi na wa Wamarekani weusi, ambayo haikuonekana kwa Wazungu wala Waasia. Wenye nayo waliwazidi wengine kwa kilo karibu 3.

Njaa ya mama haisahauliki haraka

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi wa inchi ya vita na kukimbia. Majira ya baridi ya 1944-1945, jeshi la Ujerumani lilifunga njia za chakula katika sehemu ya Uholanzi na watu wakafa njaa. Mwaka wa 1976 watafiti walichapisha hesabu ya vijana wanaume 300,000 waliopimwa kwa ajili ya jeshi wakiwa na miaka 19. Wale ambao mama zao walikuwa na njaa katika miezi ya kwanza ya mimba walikuwa na unene mara nyingi kuliko wengine. Mwaka wa 2008 zikaonekana hata alama ndogo za kikemia juu ya jeni zao, miaka 60 nyuma ya njaa ile. Maandishi ya urithi hayakubadilika. Kilichobadilika ni alama zinazoonyesha kipi kisomwe kwa nguvu na kipi kwa upole.

Sasa fikirini mama aliyebeba mimba akikimbia kutoka kijiji kimoja cha Kabambare mpaka kingine, akila muhogo bila kitoweo. Mtoto wake akikua mjini kwenye sukari ya bei ndogo, mwili wake unaweza kuwa umejiandaa kwa njaa ambayo haipo tena. Kumlisha vizuri mama mwenye mimba ni kuzuia kudumaa na ni kuzuia unene pia. Kazi hizo mbili ni moja.

Watoto wachache ambao jeni moja imeharibika

Mpaka hapa nimesema juu ya jeni nyingi zinazosukuma kidogo kidogo. Kuna watoto wachache sana ambao jeni moja imeharibika kabisa. Mwaka wa 1997 waganga wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili wa jamaa moja yenye asili ya Pakistani, binamu: binti wa miaka 8 mwenye kilo 86, na mvulana wa miaka 2 mwenye kilo 29. Miili yao haikuweza kutengeneza leptini. Walikuwa na njaa usiku na mchana. Wazazi wa watoto hao walikuwa wa damu moja, na kila mmoja alibeba jeni iliyoharibika bila kugonjwa. Binti alipopewa leptini kwa sindano, njaa ilishuka na kilo zikashuka. Fikirini miaka yote ambayo watu waliona kosa ni la mama anayemlisha ovyo!

Jeni nyingine inayoitwa MC4R inaharibika mara nyingi zaidi. Uingereza, uchunguzi wa mwaka 2021 uliona mtu 1 katika 340 hivi anayo, na wenye nayo walipofika miaka 18 walizidi wengine kwa kilo 17 hivi. Na kuna ugonjwa wa Prader-Willi, wa kromosomu ya 15: mtoto anazaliwa mlegevu, hana nguvu ya kunyonya, kiisha akipita miaka miwili ao zaidi anaanza njaa isiyoisha.

Kipimo cha jeni hatuna hapa Kasongo. Kinshasa, ku université, kuna kituo cha jenetiki ya binadamu, lakini ni mbali na njia ni ghali. Hata hivi kuna alama ambazo mwalimu ao mzazi anaweza kuziona bila mashini. Mpelekeni mtoto kwa munganga kama unene ulianza kabla ya miaka mitano na unaenda mbio. Kama njaa yake haina mwisho, anaamka usiku kutafuta chakula. Kama alichelewa kutembea na kusema. Kama haoni vizuri usiku ao alizaliwa na vidole vya kuzidi. Ao kama ananenepa na urefu umesimama. Mtoto mnene ambaye harefuki ni lazima aangaliwe, kwa sababu homoni zinaweza kuwa na shida.

Na vile vidonge?

Siwezi kumaliza bila kusema juu ya vidonge vya kunenepesha. Kwetu mwili mnene ni sifa, na mabinti wengi wanameza siproheptadini ao deksametazoni wanazouziwa sokoni bila karatasi ya munganga, ili wapate "shepu". Unene huo hauna damu ndani yake. Deksametazoni inajaza uso na tumbo, inapandisha tension na sukari ya damu, na inapunguza nguvu ya mwili kupigana na magonjwa. Aliyeizoea asiikate ghafla kwa siku moja, aende kwanza lopitali, kwa sababu mwili wake unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake. Kabla ya kusema "ni damu ya kwao", ulizeni kwa upole kama kuna kidonge.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tupime vizuri. Mtoto wa miaka 5 mpaka 19 hapimwi na hesabu ya watu wazima. Uzito na urefu wake vinalinganishwa na umri wake, mvulana mbali na msichana, ku karatasi za Shirika la Afya Duniani. Kuna mabinti wanaoitwa "wanene" ambao ni wazima kabisa: ni mwili wa ubalehe tu.

Pili, tubadilishe chungu cha nyumba nzima. Usimkataze mmoja huku ndugu zake wanakula mbele yake. Sombe, maharagi, samaki wa Lualaba, makemba, papai, nanasi: hivyo si adui. Mawese pia si adui, ila kijiko kinahesabiwa. Kinachofaa kupunguzwa kwa wote ni soda, juisi ya unga, sukari ndani ya chai na vyakula vya kukaanga vya kila siku. Maji ni ya kwanza.

Tatu, mwendo. Kwa watu wazima, uchunguzi wa mwaka 2011 uliokusanya watu zaidi ya 218,000 ulionyesha kwamba nguvu ya jeni ya FTO inapungua kwa asilimia 27 hivi kwa wenye kutembeza mwili. Kwa watoto haikuonekana hivyo, lakini mtoto anayecheza mpira leo ndiye mtu mzima wa kesho. Tusimfukuze uwanjani kwa kumcheka.

Nne, tuache dawa za kuharisha na kushinda njaa. Dawa ya kuharisha inatoa maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki palepale. Na mwenye shibe inayochelewa akishinda bila kula, magharibi atakula kwa hasira.

Ku darasa langu nilikataza jina la "Mama Kilo", na niliwaeleza wanafunzi haya niliyowaandikia. Mmoja akauliza: "Kwa hiyo, mwalimu, ni damu ao ni chakula?" Nikamjibu kwamba damu ilimpa kila mmoja njaa yake, na chakula tunampa sisi wakubwa. Damu hatuwezi kuibadilisha. Yule binti alirudi ku mazoezi wiki mbili nyuma, akasimama pembeni kwanza. Mwalimu wa mazoezi alimpa kazi ya kuhesabu mabao, na sasa anacheza mlinda goli. Kilo zake sijaziuliza. Ameanza tena kula asubuhi, na hilo kwa sasa linatosha.